Historia na mikoko kwenye ratiba moja

Ukisema chuoni unasoma historia pamoja na sayansi ya mazingira, swali la kwanza ni "sasa utaajiriwa wapi?" Mjomba wangu huliuliza kila Idi.

Ila muhula huu nina raha. Asubuhi tuko matopeni tunapima unene wa mashina ya mikoko na kuchota udongo ili kukadiria kaboni. Tope lile halina hewa, majani na mizizi huoza polepole mno, ndiyo maana kaboni nyingi imelala chini na si kwenye mti. Mchana nasoma habari za majahazi yaliyobeba boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwenda Uarabuni, biashara ya karne nyingi; upande wa Lamu iliendelea hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio ulioamua upana.

Sasa nitaelezaje kwa nini msitu fulani umebaki na miti myembamba tu, bila kujua nani alikata na kwa soko gani? Kipimo changu hakisemi. Wakataji wazee wanajua, na wanakutajia madaraja ya miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Watafiti wa misitu nao wanayatumia hayo hayo!

Kinachonichosha ni ratiba tu. Maabara na semina ya historia zimegongana Alhamisi. Aliyewahi kusoma mchanganyiko huu, ulipangaje?