Jua la Disemba Huko Drombeg

Mtu aliyekulia Tanga hana haja ya kufuatilia jua linatua wapi. Linahama, lakini si sana, na mwaka mzima linachomoza saa kumi na mbili na dakika zake. Nimehitaji kuishi Ireland ndipo nikaelewa kwa nini watu walihangaika kusimamisha mawe makubwa namna ile kwa ajili yake.

Huku Cork, kati ya Juni na Disemba, mahali pa machweo huhama karibu nyuzi 80 kwenye upeo wa macho. Tanga ni kama 47. Tarehe 21 Disemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu alasiri, nawe hujamaliza hata chai. Mkulima akiona linazidi kukimbilia kusini kila jioni, lazima ajiulize litageuka lini.

Duara la mawe la Drombeg, lililo karibu na Glandore, lina takriban miaka 3,000. Mawe yalikuwa 17, sasa yamebaki 13. Upande wa kaskazini-mashariki yako mawili marefu kama miimo ya mlango. Mkabala nayo jiwe moja limelazwa, na nyuma ya hilo, mbali, kuna pengo la vilima. Jua la siku fupi kuliko zote hutua humo. Leo nimeweka stendi ya kamera chini kabisa, kati ya yale marefu, nikasubiri. Mbingu zilikuwa na mwanga mkali, mawe yamekuwa meusi tii. Wengi hupiga picha kadhaa za viwango tofauti vya mwanga kisha huziunganisha kwenye kompyuta. Mimi nimeyaacha meusi. Kuyaangaza ni kuyafanya yaseme uongo kuhusu saa ile.

Pale Newgrange, kaunti ya Meath, mgeni wa kawaida haruhusiwi kupiga picha ndani, na sioni ubaya. Kaburi lile la mwaka 3200 KK hivi ni kongwe kuliko piramidi za Giza. Juu ya mlango kuna kidirisha cha mawe. Jua la asubuhi ya katikati ya majira ya baridi hupita hapo, likafuata ujia wa mita 19 hadi chumbani, likakaa dakika kama 17. Profesa O'Kelly, mwanaakiolojia aliyelichimbua kaburi hilo, aliliona Disemba 1967, na tangu hapo kila mtu anataka kuwamo, hata nafasi zinatolewa kwa bahati nasibu. (Ule ukuta wa mawe meupe wa mbele ulijengwa upya wakati wa ukarabati. Kwa jicho langu umenyooka mno, kwa hiyo huwa naugeuzia kamera kisogo.)

Linalonivuta zaidi ni hili: mwinamo wa mhimili wa dunia umepungua kidogo tangu wajenzi wale wafe. Kwa hiyo siku hizi mwale huingia kaburini dakika kama nne baada ya jua kuchomoza, wala haufiki ukuta wa nyuma kabisa. Zamani uliingia mara tu jua lilipotokeza, ukafika mpaka mwisho. Hata bahati nasibu ikiniangukia, na mawingu yakakubali kutawanyika, nitakachokiona ni pungufu ya walichokiona wao. Jina langu nimeliandikisha hata hivyo.