Redio isiyo na tangazo hata moja

Juzi usiku nilikua nafua huku nimefungulia WFMU, redio ya Jersey City kule Marekani, kwa intaneti, dijei kapiga gospo ya kizamani, afu bila hata kukohoa akaunganisha na kelele za gita tupu dakika kumi nzima 😂 na hakuna bosi wa kumfokea, kila dijei anachagua mwenyewe.

Kinachonishangaza mimi ni hela. Hawachukui matangazo kabisa na madijei hawalipwi, wanajitolea tu. Kila mwaka mwezi wa tatu wanafanya harambee ya wiki mbili hivi hewani, yani wanaomba live, wanasoma majina ya waliochanga, na ukichanga kiasi flani dijei anakupa miksi aliyoitengeneza yeye mwenyewe. Ujanja huo, maana watu wanamchangia dijei wao wanaemjua sauti, sio "taasisi".

Ilianza 1958 kama redio ya chuo, Upsala College, na chuo kikaja kufilisika kikafungwa 1995. Ingekua kwingine redio nayo ingezikwa humohumo, ila wao walishaunda shirika lao lisilo la faida na kuinunua leseni mapema, 1998 wakahamia Jersey City.

Sasa huku kwetu tunachangia harusi kila wikiendi, kadi mpaka magrupu ya wasap yanajaa, redio ya mtaa ikiomba buku mbili tunauliza zinaenda wapi. Zinaenda kwenye umeme na transmita jamani, vitu vya ajabu hivyo!