Kelele za jirani zilikuwa zinapitia darini

Watu watatu waliniambia nibandike trei za mayai ukutani ili kuzuia kelele za jirani. Walisema kwa uhakika, na mmoja wao hurekodi kwaya nyumbani kwake, nikawaamini. Mimi ni muuguzi. Nikiwa zamu ya usiku narudi Tabata, Dar es Salaam, saa mbili asubuhi, macho hayafunguki. Saa nne kijana wa chumba cha pili anawasha sabufa. Na si sabufa tu: akiongea na mama yake kwenye simu nasikia, kijiko kikigonga kikombe nasikia.

Trei nilizikusanya kwa wauza chipsi, sabini na kitu. Wengine walinipa bure, wengine walitaka mia mia. Siku mbili nzima nilibandika kwa gundi ya mbao, toka sakafuni mpaka juu, nikikata kwa kisu kuzunguka swichi. Nilipomaliza nikapiga makofi katikati ya chumba. Kweli mwangwi ulikuwa umepungua, hata sauti yangu ilitoka laini. Nikalala na furaha. Kesho yake saa nne sabufa ikaanza, ileile, haijapungua hata chembe. Wiki ya tatu mende walishahamia, maana zile trei zilikuwa na ute wa mayai yaliyopasuka. Nilipozibandua, rangi ya ukuta ilitoka nazo.

Trei ni karatasi nyepesi. Inapunguza mwangwi humo humo chumbani, ndiyo maana yule wa kwaya anaisifia. Kuzuia sauti isiingie kunataka kitu kizito kisicho na upenyo. Tena ukuta mzima wa karatasi kavu, shoti moja tu ya umeme, ni moto. Mtu akinitajia trei sasa hivi naudhika kabisa.

Kilichonifumbua macho ni ukuta wenyewe. Ni tofali za saruji za inchi sita, una lipu pande zote. Ukuta wa namna hiyo hauwezi kupitisha mlio wa kijiko. Siku moja jirani akisikiliza taarifa ya habari, niliweka sikio ukutani: mvumo tu. Nikapanda stuli, nikasogeza sikio kwenye dari: neno kwa neno.

Nikaazima ngazi usiku huo, nikasukuma kifuniko cha dari, nikaingiza kichwa na kuzima tochi. Ukuta wetu ulikuwa umeishia pale pale usawa wa dari. Juu yake hakuna kitu mpaka kwenye mabati. Upande wa pili mwanga wa taa ya jirani ulikuwa unapenya kwenye maungio ya silingi bodi, mistari myembamba ya njano juu ya vumbi. Akakohoa, nikashtuka, nikadhani yuko humo darini na mimi.

Baba mwenye nyumba alisema nyumba imesimama hivyo miaka yote, hakuna aliyelalamika. Nikamwomba apande ngazi aone mwenyewe. Aliposhuka akakubali nikate kwenye kodi. Fundi alitaka kuziba kwa kipande cha bodi, nikakataa. Akajenga tofali za inchi tano mpaka chini ya mabati, akajaza udongo wa saruji kwenye mikunjo ya bati na kuzunguka kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Lipu aliona haina haja, kwa kuwa hakuna atakayeiona. Nilisimama pale pale mpaka akaipiga, kwa sababu tofali la saruji likiwa wazi lina vitundu, na sauti inapita humo. Matundu ya hewa ya upande wa nje hatukuyagusa. Gharama ilikuwa laki mbili na kitu, labda tatu na chakula cha mafundi.

Soketi nusura niisahau. Yangu na ya jirani zilikuwa zimechimbwa sehemu moja, zimepeana migongo. Fundi umeme akazima meinswichi, akahamisha yangu pembeni, tundu likazibwa.

Maneno yakakatika kabisa. Ikabaki besi, ule mvumo mzito wa sabufa. Wapo walioniambia nikamshitaki, kanuni za kelele za 2015 zipo. Nimshitaki kijana anayenibebea ndoo za maji? Nilimsubiri mlangoni.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba mdogo wangu. Hebu njoo ukae hapa kitandani kwangu dakika mbili.”

Nikaenda kwake, nikawasha sabufa kwa sauti anayoipenda yeye. Niliporudi nilimkuta ameweka kiganja ukutani, anausikia unavyotetemeka.

“Dada, kumbe ndiyo unalala hivi? Mbona hukuniambia?”

Sabufa ilikuwa kwenye kona, imegusa ukuta wangu, na kona huongeza besi. Tuliihamishia ukuta wa nje, tukaiweka juu ya kipande cha godoro kuukuu ili isitikise sakafu. Simu si kipimo cha sauti cha kuaminika, ila kwa kulinganisha inatosha: mwanzoni ilisoma desibeli 58, siku hiyo ikasoma 39. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 30 chumbani usiku, kwa hiyo bado sijafika, lakini siku iliyofuata nililala toka saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Sasa najenga kwangu Chanika, tumefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Fundi ameshaambiwa kuta za vyumba vya kulala zipande mpaka kwenye bati, na Jumamosi nitakuwa pale na ngazi yangu.