Siku Moja Maishani Mwangu: Kutengeneza Jini ya Matunda ya Mwituni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla sijanywa kahawa wala kupiga mswaki, naonja mtungi wa mreteni nilioanza kuuloweka jana jioni. Kinywa cha asubuhi hakijachoshwa na chochote, na ndicho kipimo ninachokiamini kuliko saa ya ukutani. Mtungini mna lita moja ya pombe kali isiyo na ladha, yenye kileo cha asilimia 40, pamoja na gramu 20 za matunda makavu ya mreteni na gramu 8 za mbegu za giligilani, vyote vikiwa vimepondwa kidogo tu, kiasi cha kupasuka. Mreteni ndio unaoifanya jini, yaani pombe kali iliyotiwa harufu ya mimea, iwe jini. Bila harufu yake ya msonobari na ulimbo, kilichomo chupani ni pombe yenye viungo tu. Asubuhi hii harufu imekwisha kupanda vizuri, ila ladha inakatika mapema na haijafika nyuma ya ulimi, kwa hiyo mtungi unarudi kabatini, gizani. Kazi yangu yote ya leo imesimama juu ya jambo hili: kila kiungo kina saa yake ya kutolewa, na anayevitia vyote kwa pamoja na kuvitoa kwa pamoja atapata vingine ambavyo havijaiva na vingine vilivyokwisha kugeuka uchungu.

Saa tatu, umande ukiwa umekauka, natoka na mpwa wangu kwenda kuchuma. Matunda yaliyolowa umande huongeza maji kwenye pombe na huota ukungu upesi yakikaa kwenye kikapu, hivyo sioni sababu ya kuwahi. Tunaanza na mreteni. Kile tunachokiita tunda lake, kwa kweli, ni koni ndogo ambayo magamba yake yamenenepa na kushikana, nayo huchukua takriban miaka miwili au mitatu kukomaa. Ndiyo maana kwenye kichaka kimoja utakuta za kijani na za buluu iliyokolea kwa wakati mmoja.

"Shangazi, hizi za kijani je?"

"Ziache, mwanangu. Hizo si za mwaka huu."

Namwonyesha pia majani, kwa sababu hapo ndipo usalama ulipo. Mreteni wa jini, Juniperus communis, una majani membamba kama sindano, yaliyopangwa matatu matatu kuzunguka tawi, kila moja likiwa na mstari mmoja mweupe upande wa juu. Ndugu yake, Juniperus sabina, una sumu, na matawi yake yaliyokomaa yamefunikwa na vijani vidogo vilivyolala kama magamba. Kuna pia miti ya jenasi ya Taxus, yenye majani bapa na matunda mekundu ya kupendeza, ambayo mbegu na majani yake yanaweza kuua. Kanuni yangu haina msamaha: mmea usiotambulika kwa hakika, kwa jani, kwa tunda na kwa harufu, hauingii kikapuni. Kwa sababu hiyo hiyo sichimbi mizizi ya anjelika mwituni, bali naitumia iliyokaushwa na kuuzwa na wanaoijua, kwani mmea huo ni wa ukoo mmoja na Conium maculatum, mojawapo ya mimea yenye sumu kali zaidi. Mreteni tunachuma kiganja kimoja tu kutoka kila kichaka, kwa kuwa ndege nao wanazitegemea koni hizo na ndio wanaozisambaza mbegu.

Baada ya hapo tunageukia plamu za mwituni, zile ndogo nyeusi zenye vumbi la buluu, Prunus spinosa. Tunavaa glavu nene, maana mwiba wake ukivunjikia karibu na kiungo cha kidole unaweza kukivimbisha kwa siku nyingi. Tunda hili likiliwa mtini lina ukakasi unaokausha mdomo mzima, na huo ukakasi ndio ninaoutafuta, kwa kuwa sukari peke yake humpa mnywaji sharubati. Wazee wa kazi hii husubiri jalidi ya kwanza ndipo wachume. Mimi nachuma tunda linapolegea kidogo likibonyezwa, kisha naliweka kwenye friza usiku mmoja. Maji yaliyomo ndani hugeuka barafu, hupanuka na kuipasua ngozi, na hivyo naepuka kulichoma kila moja kwa sindano.

Saa tano na nusu tumerudi. Kuosha, kuchambua na kupima uzito ni kazi ya nusu saa.

Ni pale kwenye pombe yenyewe ndipo napenda kukawia, kwa kuwa watu wengi huniuliza kwa nini sitoneshi mwenyewe, yaani kuichemsha pombe na kuukusanya mvuke wake. Kwanza ni sheria: katika nchi nyingi kutonesha pombe kali nyumbani bila leseni ni kosa, na New Zealand, iliyoruhusu jambo hilo kwa matumizi binafsi mwaka 1996, ni miongoni mwa nchi chache zilizochukua njia nyingine. Pili ni moto. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na kwa sababu hiyo jikoni kwangu hakuna jiko linalowashwa mtungi ukiwa wazi. Tatu ni chanzo cha kileo. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, watu walichanganya jini za siri kwa kileo cha viwandani kilichotiwa methanoli, ambayo ni sumu, makusudi ili kisinyweke, na wengi walipofuka au kufa. Hakuna tunda la mwituni linaloweza kuisafisha pombe mbaya. Mimi naanza na pombe iliyokwisha kutoneshwa kihalali, isiyo na ladha, kisha naipa ladha kwa kuloweka. Jini ya namna hii haiwi nyeupe kabisa. Hubaki na rangi ya majani makavu, na simwombi mtu radhi kwa rangi hiyo.

Saa saba mchana nalisha mitungi midogo. Ganda la limau nalimenya kwa kisu kikali, rangi ya manjano tu, kwa maana utando mweupe wa chini yake ni uchungu usioondoka. Hilo naliloweka kwa muda wa saa tatu. Kipande cha mdalasini kisichozidi urefu wa kucha kinapata saa mbili katika mtungi wake, na iliki mbili zilizopasuliwa zinakaa mpaka jioni. Gramu moja ya mzizi wa anjelika, unaoleta harufu ya udongo mkavu, inaingia peke yake na itakaa hadi kesho. Mitungi hii inaongeza kazi ya kuosha, nakubali, lakini mdalasini uliotiwa ndani ya mtungi mkuu hauwezi kupunguzwa tena, ilhali uliolowekwa peke yake unaongezwa kwa kijiko hadi ladha itoshe.

Saa kumi jioni naonja tena mreteni, safari hii kwa kuchanganya kijiko kimoja cha jini na kijiko kimoja cha maji, hadi asilimia 20 hivi, kwa sababu kileo kikali huipiga pua ganzi na kuficha kasoro. Maji yanapoingia, mchanganyiko unapata ukungu mwepesi: mafuta ya mreteni na ya giligilani huyeyuka katika kileo na hukataa maji, hivyo kileo kikipungua hujitenga katika matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Ukungu huo haudhuru chochote, na kwangu ni ushahidi kwamba mafuta yametoka. Sasa ladha imefika nyuma ya ulimi, na giligilani imeleta ule uchangamfu wake unaokaribia limau. Nikiacha mtungi hadi usiku wa manane, ulimbo utaanza kutawala, kama chai iliyosahauliwa na majani yake. Nachuja mara moja kwa kitambaa cha melimeli, kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa, bila kukamua, maana kukamua husukuma vumbi na tanini, ule ukakasi wa mimea, ndani ya chupa na siku mbili baadaye utaziona chini.

Saa kumi na mbili jioni ni zamu ya plamu za msimu uliopita, zilizokaa mtungini kwa miezi mitatu kabla sijazichuja na kuiacha jini yake ipumzike. Kwa kila lita ya jini naweka gramu 500 za plamu na gramu 200 za sukari mwanzoni, kisha naonja na kuongeza mwishoni ikihitajika. Kokwa naziacha ndani kwa miezi hiyo mitatu kwa sababu hutoa harufu ya lozi, ila siziachi mwaka mzima na sizivunji kamwe: zina amigdalini, ambayo huweza kuzalisha sumu ya sianidi.

Kabla ya kuandika lebo, mpwa wangu anataka kutumia kipima kileo. Namweleza kwamba chombo hicho hupima uzito wa kimiminika kwa kulinganisha na ujazo wake, na sukari hukidanganya, kwa hiyo tunakokotoa kwa kalamu. Lita moja ya jini ya asilimia 40 ina mililita 400 za kileo. Tukikadiria kwamba plamu zimetoa mililita 300 za maji na sukari imechukua nafasi ya mililita 125, ujazo wote ni mililita 1,425, na kileo ni takriban asilimia 28. Katika Umoja wa Ulaya jini ya plamu hizi inayouzwa haipaswi kushuka chini ya asilimia 25. Yetu haiuzwi, lakini kiwango hicho kinanifaa, kwa kuwa kileo kikishuka sana maji ya matunda huanza kuharibika chupani. Tunaandika kwenye kila lebo jina la tunda, mwezi wa kuchumwa, mwezi wa kuchujwa, asilimia ya kileo na neno "sukari", kisha chupa zinapangwa zikiwa zimesimama wima, maana kileo kikali kikigusa kizibo cha mti kwa muda mrefu hukila.