Dozi ilipopandishwa, mikono ikazidi kuruka

Mama mmoja kutoka Ahero alimleta bintiye wa kidato cha tatu kliniki ya kifafa Kisumu, akamwaga pakiti za dawa mezani. "Daktari, anameza zote, hakosi hata siku moja. Mbona anazidi kuugua?"

Zilikuwa kabamazepini, vidonge vya miligramu 200. Alianzishiwa kwingine baada ya kuanguka bwenini: kimoja asubuhi, kimoja usiku. Baadaye ikawa viwili viwili, na hapo ndipo hali ilipoharibika.

Nikamuuliza binti jambo ambalo halikuandikwa kwenye kadi yake: ukiamka tu, mikono inakuwaje? Akarusha mabega ghafla kunionyesha. Mswaki humtoka mkononi, uji humwagika, na akikesha akisoma huwa mbaya zaidi. Nyumbani alikuwa akigombezwa kwa kuvunja vikombe. Mishtuko mifupi ya mikono yote miwili, fahamu zikiwepo, pamoja na kuanguka muda mfupi baada ya kuamka, kwa kijana wa umri huo, ni dalili za kifafa cha mayokloniki cha ujana. Kipimo cha mawimbi ya ubongo kikaafiki: miiba kadhaa mfululizo kisha wimbi, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, pande zote mbili za kichwa kwa pamoja.

Kabamazepini ni dawa nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Huziba njia za sodiamu kwenye neva, na neva hushindwa kufyatuka mfululizo. Kifafa cha binti huyu hakina sehemu moja ya kuanzia. Kinaendeshwa na mzunguko kati ya thalamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, na gamba la ubongo, na humo dawa hiyo yaweza kuzidisha mishtuko, hata kuleta vipindi vya kuduwaa ambavyo mgonjwa hakuwa navyo. Fenitoini, gabapentini na vigabatrini nazo ni za kuepukwa. Ndiyo maana, mgonjwa akizidiwa, mimi huuliza aina ya kifafa kabla ya kugusa dozi.

Hatukuikata ghafla, kufanya hivyo kungeweza kuleta degedege lisilokoma. Valproeti ina nguvu sana kwa kifafa hiki, lakini ikitumiwa wakati wa ujauzito yaweza kudhuru uti wa mgongo na akili ya mtoto, kwa hiyo kwa msichana tulianza na levetirasetamu: miligramu 250 mara mbili kwa siku, baada ya wiki moja 500 mara mbili. Kabamazepini ikashushwa kwa miligramu 200 za siku kila wiki. Mama aliambiwa aangalie hasira au huzuni isiyo ya kawaida, maana levetirasetamu huweza kuzileta. Matroni aliandikiwa barua: binti asiamshwe saa kumi alfajiri kwa prepu.

Aliporudi, mishtuko ya asubuhi ilikuwa imekoma. Juu ya kadi tukaandika kwa wino mwekundu aina ya kifafa chake, na chini yake: asirudishiwe kabamazepini.