Siku Moja Maishani Mwangu: Namba Iliyo Baada ya Mkwaju

Saa 1:00 asubuhi. Kabla sijashusha begi mgongoni, ninafungua ukurasa wa grafu. Chuo ninachokisimamia mtandao wake, hapa Dar es Salaam, kina swichi 31, vifaa vinavyounganisha kompyuta kwa waya, na kila baada ya dakika 5 seva yetu ya LibreNMS, programu ya kufuatilia mitandao, huzijulia hali zote kwa itifaki ya SNMP, lugha ya kuviuliza vifaa hali zao, kupitia poti namba 161 ya UDP, njia ya kutuma ujumbe bila kusubiri uthibitisho. Swali lenyewe ni mfuatano mrefu wa namba zenye nukta katikati. Kwa swichi za Cisco, wastani wa matumizi ya prosesa, yaani ubongo wa kifaa, kwa dakika 5 hupatikana chini ya 1.3.6.1.4.1.9.9.109.1.1.1.1.8, ile 9 ya kwanza ndiyo namba aliyopewa mtengenezaji huyo, na ukiweka 7 mahali pa 8 ya mwisho utapata wastani wa dakika 1, ukiweka 6 utapata wa sekunde 5. Vifaa vyetu viwili vya MikroTik haviijui njia hiyo, bali hujibu kwa ile ya jumla, 1.3.6.1.2.1.25.3.3.1.2.

Swichi kuu iko asilimia 14. Za ghorofani ziko kati ya 15 na 25, ingawa madarasa bado matupu. Hilo halinishtui, kwa kuwa swichi za aina ya 2960 hutumia sehemu ya prosesa kuendesha taa zake za mbele tu, na kila moja ina kawaida yake ambayo nimeizoea.

Saa 2:30. Mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo ananiuliza kama prosesa ikifika asilimia 100 mtandao wote utasimama. Ninamweleza kwamba pakiti nyingi, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, hazipiti huko kabisa: zinasukumwa na chipu maalumu, huku prosesa ikishughulikia Spanning Tree (inayozuia mizingo ya waya), ARP (inayooanisha anwani za IP na za vifaa), sisi tunaoingia kutoka mbali kwa SSH, na maswali ya SNMP yenyewe. Msimamizi wa stendi anaweza kuzidiwa na makaratasi na mabasi yakaendelea kutoka. Anaandika, lakini usoni naona hajaridhika.

Saa 4:42. «Kaka, swichi kuu imefika 96!» Simu yangu nayo inalia. Ninaingia kwenye swichi na kukuta kumbukumbu zake zimeandika 07:42, kwa sababu hakuna aliyeiwekea saa za Afrika Mashariki, wakati seva inasema 10:42 na saa ya ukutani, kwa hesabu yetu, ni 4:42. Saa tatu tofauti kwa tukio moja. Nimeahidi kulirekebisha jambo hilo tangu mwaka jana.

Amri ya «show processes cpu sorted» inanipa mstari wa kwanza: 96%/7% kwa sekunde 5, 58% kwa dakika 1, 41% kwa dakika 5. Hapo ndipo ninapomwita mwanafunzi asogee. Namba iliyo kabla ya mkwaju (/) ni mzigo wote, na iliyo baada yake ni sehemu inayotokana na pakiti zinazoikatiza prosesa kazi yake. Saba ni kidogo, kwa hiyo si mafuriko ya pakiti. Kuna mchakato ndani ya swichi unaokula muda. Jina lililo juu ya orodha ni SNMP ENGINE, peke yake asilimia 79. Prosesa ilikuwa imechoshwa na mtu anayeiuliza kama imechoka.

Anayeuliza hakuwa seva yetu. Niliweka orodha ya ruhusa inayoandika anwani ya kila anayeuliza, na baada ya dakika chache anwani ikajitokeza: kompyuta ya zamani katika chumba cha stoo, iliyoachwa na mkandarasi aliyewahi kujaribu mfumo mwingine wa ufuatiliaji. Ilikuwa bado inatumia «public» kama neno la siri la SNMP, ambalo katika matoleo ya 1 na 2c husafiri waziwazi kwenye waya, na ilikuwa inavuta jedwali zima la ARP mstari kwa mstari. SNMP hudai mistari itolewe kwa mpangilio wa namba, ilhali swichi haikuihifadhi hivyo, basi kila ombi la «unaofuata» huilazimu kutafuta upya. Nililifuta neno hilo, nikaruhusu anwani ya seva yetu peke yake, na nikalificha jedwali hilo la ARP, 1.3.6.1.2.1.4.22, lisivutwe. Ikashuka hadi 13.

Hata hivyo hakuna mtumiaji aliyepiga simu, kwa kuwa mchakato huo hupewa kipaumbele cha chini na huwapisha wengine. Kosa la kengele lilikuwa langu: niliifunga kwenye wastani wa sekunde 5.

Saa 7:15. Wali maharage, haraka.

Saa 8:20 mchana. Anapiga mkutubi. «Shikamoo, mama.» «Marahaba, mwanangu, huku mtandao umekufa.» Kengele haijalia. Grafu ya swichi ya maktaba, ambayo kawaida yake ni 19, inaonyesha 61, kisha nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo iliyonipandisha ngazi mbio: UDP haihakikishi kwamba jibu litafika, na swichi iliyoelemewa huyaacha maswali ya SNMP yawe ya mwisho, kwa hiyo pale mambo yalipokuwa mabaya zaidi ndipo grafu yangu haikuwa na la kusema.

SSH haikufunguka; nikachomeka kebo ya konsoli. 99%/64%. Mwanafunzi akaisoma namba ya pili kwa sauti kabla yangu. Kumbukumbu zilijaa ujumbe wa MACFLAP, anwani zilezile zikirukaruka kati ya poti ya kwenda swichi kuu na poti ya 11. Tukaufuata waya wa 11 hadi chini ya meza ya kusomea, tukakuta kiswichi cheupe cha poti 8, na waya mmoja ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa humohumo, bila shaka na mtu aliyeona unaning'inia akataka kupanga vizuri. Kiswichi hicho hakikupitisha BPDU, ujumbe ambao Spanning Tree hugundulia mizingo, hivyo Spanning Tree haikuuona mzingo. Nilichomoa ncha moja, na taa zikaacha kumetameta kwa pamoja.

Saa 10:00 jioni. Nimeweka kikomo cha pakiti za kutangaza, zile zinazotumwa kwa vifaa vyote, kwenye poti zote za maktaba, nimehamishia kengele kwenye wastani wa dakika 5, na nimeongeza ya pili inayolia swichi isipojibu mara mbili mfululizo. Kuhamia SNMPv3, ambayo viwango vyake ni vya 2002 na mimi bado ninaiahirisha, kumewekwa Jumamosi.

Saa 11:10. Mwanafunzi ameibeba kompyuta ya stoo hadi mezani kwangu na kuiuliza ina mzigo kiasi gani. Asilimia 3.