Bahari Haipangiwi Saa na Mgeni

Msimu wa joto unapoingia, wageni wangu kutoka bara hushuka Malindi wakiamini kwamba, madhali jua linawaka na mawimbi yametulia, bahari nayo iko tayari kuwapokea. Mwaka juzi nami niliingia katika kosa hilo hilo. Nilimpeleka mpwa wangu, afanyaye kazi Nairobi, katika Hifadhi ya Kitaifa ya Bahari siku chache tu baada ya mvua za vuli. Tukapanda boti yenye sakafu ya kioo pale Casuarina, na tulipofika mwambani hatukuona chini yetu ila maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Muongozaji alikuwa ameniambia kwa simu tungoje, nikambishia. Hata hivyo hakunisuta, alimgeukia mpwa wangu akasema, "Dada, huu udongo ni wa kwenu." Alisema kweli. Mto Sabaki ndio ule ule uitwao Athi huko juu karibu na Nairobi, na ukifurika hubeba udongo wa mashamba hadi baharini. Wakati wa kusi mkondo huusukuma udongo huo upande wa Mambrui, lakini upepo wa kaskazi ukishashika huurudisha huku kwetu, juu ya matumbawe.

Tulirudi Februari, safari hii kwa siku na saa alizochagua muongozaji, maji yakiwa yamekupwa na mwamba wa nje ukiyavunja mawimbi, hata ndani kukawa shwari kama birika. Ndipo nilipoelewa kwamba ada ya muongozaji si ya kuonyeshwa samaki. Alimfundisha mpwa wangu kupumua kwa mrija akiwa bado ameshikilia ubavu wa boti, akamkataza kusimama juu ya matumbawe, kwa kuwa mengi yalikufa kwa joto la mwaka 1998, na hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1968, ingali inayauguza. Boti ya jirani ilikuwa ikirusha mkate, na samaki wakaifuata kama kuku. Yetu haikuwa na hata kipande, nami niliona vyema: samaki aliyeshiba mkate hana haja ya kula mwani unaoyasonga matumbawe.

Tulimwona pono, mwenye rangi ya kijani na waridi, akiuma jiwe kwa mdomo kama wa kasuku. Sauti ya meno yake ilisikika majini, kwaru, kwaru, na mchanga mweupe ukamtoka nyuma. Mpwa wangu alipanda botini akauliza kama ndiye yule wa usingizi wa pono.

"Ndiye huyo," akajibu muongozaji, akieleza kwamba usiku wako wanaojifunika ute mwili mzima, kama mtu ndani ya chandarua. Kisha akatazama mwamba wa nje, akavuta nanga, kwani maji yalikuwa yameanza kujaa.